Paka Watatu na Sakafu Niliyoisiliba

Nilisiliba jiko siku ya Alhamisi. Nalitanguliza hilo kwa makusudi, kwa sababu mimi mwenyewe nilichukua majuma matatu kulikumbuka, na majuma yote hayo nilikuwa namlaumu asiyehusika.

Jiko letu hapa Masieda limesimama peke yake, hatua chache kutoka nyumba kubwa. Nyumba kubwa ina sakafu ya saruji. Jiko ni la miti na udongo, lina stoo ndogo upande wa kushoto, na juu lina dari ya mabanzi ambako mahindi hukaa yakipigwa na moshi. Mama yangu alikuwa anakuja kukaa nasi, na alishaniambia kwenye simu kwamba hatalala chini ya paa moja na mkwewe hata tukimjengea nyumba mpya. Kule nilikozaliwa, mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja hupita kando. Kwa hiyo angelala jikoni, karibu na moto. Nilikubali kabla hajamaliza kusema, kwa sababu nilichotaka ni afike tu.

Mama ni mfugaji wa Getanuwas. Baba alishafariki, na yeye aliendelea kukaa bomani kwake na ng'ombe wachache. Mwaka uliotangulia mwiba ulimchoma juu kidogo ya kifundo cha mguu wa kushoto akitafuta ndama, na kidonda kikakataa kufunga. Alikitibu kwa anavyojua yeye mpaka kikawa na upana wa kiganja. Nilipomfikisha hospitali Haydom, daktari aliniita pembeni. Kidonda kifungwe bandeji safi mara mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa; mguu uinuliwe; asichunge. Akirudi bomani na hali ile, safari ijayo watakuwa wanazungumzia kuukata. Kutoka Getanuwas hawezi kufika Haydom mara mbili kila wiki. Kutoka kwangu ni basi moja la asubuhi. Mimi ni mtu mkaidi, hata wanaonipenda hawabishi hilo, na nikaamua kwamba mguu ule hautakatwa.

Ndiyo maana Alhamisi ile nilisiliba. Mtu unayemheshimu humkaribishi kwenye sakafu iliyopasuka. Nilikusanya samadi mbichi zizini, nikachanganya na majivu na udongo, nikasiliba sakafu yote kwa mkono na kupanda na kuta mpaka usawa wa kiuno. Kisha, kwa kuwa nikianza usafi sijui kuacha, nikafua magunia yote, nikachemsha matambara, nikasugua kwa sabuni ile nguzo ya katikati iliyokuwa imeng'aa kwa miaka ya migongo ya paka. Hata kapu walimolala paka nililitumbukiza kwenye pipa na kulianika juani. Jioni jiko lilinukia upya, na nilijisikia fahari kabisa.

Paka wa nyumba walikuwa wawili: mmoja mweusi, mkubwa, na binti yake wa madoadoa. Wote majike. Kazi yao ilikuwa panya wa darini, na waliifanya vizuri kuliko sumu yoyote tuliyowahi kutega. Walilala kapu moja tangu binti alipozaliwa, wamejikunja mpaka huwezi kujua mkia huu ni wa nani. Jioni ile ya Alhamisi binti alikuwa na mkwaruzo puani. Nikasema panya kamuuma, nikampaka mafuta, nikasahau.

Ijumaa basi likamshusha mama. Alikuwa na fimbo yake, kifurushi cha nguo, kibuyu cha maziwa, na tenga lililofungwa juu kwa kipande cha shuka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Pokea hili, polepole. Lina mtu."

Ndani ya tenga kulikuwa na paka dume wa kijivu, mzee, sikio moja limepasuka, na macho ya mtu aliyesafiri bila kuulizwa. Mama hakuwa amemtaja kwenye simu hata mara moja. Nilipomwuliza kwa nini hakusema, alijibu kwamba ningekataa, na ukweli ni kwamba ningekataa.

"Ng'ombe nimewaacha kwa shemeji," alisema. "Huyu angebaki na nani? Tangu baba yako aondoke ndiye tunayeota naye moto."

Nikafungua tenga katikati ya jiko, juu ya sakafu yangu mpya. Hilo lilikuwa kosa pia, lakini dogo.

Sitasimulia kila pambano. Yule mweusi alimrukia wa kijivu kabla hajatoa mguu wa nne nje ya tenga. Wa kijivu akapanda darini na kukataa kushuka. Binti wa madoadoa akamgeukia mama yake mwenyewe, naye mama yake akamkung'uta kama hajawahi kumnyonyesha. Siku zilizofuata yule mweusi alilinda mguu wa ngazi ya darini kuanzia asubuhi, na ngazi ilikuwa moja tu. Mzee wa kijivu akishuka kula, anapigwa. Akipanda, anafukuzwa. Akaanza kukojoa mahali asipopaswa, mara kwenye kuni, mara kwenye mkeka wa mama. Binti naye akahamia nje kwenye rundo la mabua na kurudi kwa kunyemelea. Panya walisikia habari mapema sana. Ndani ya wiki ya pili nilikuta magunzi yamegugunwa kwenye kona ambayo haijawahi kuguswa.

Mume wangu alifurahia jambo hilo mwanzoni, simlaumu. Watoto wetu wako shule ya bweni na nyumba huwa kimya. Yeye haingii jikoni mama akiwamo, kwa hiyo alikuwa anasimama nje ya ukuta na kuniuliza kupitia dirishani.

"Mama watoto, baraza la usuluhishi limefikia wapi leo?"

"Limeahirishwa."

"Mshtakiwa bado yuko darini?"

"Bado."

"Basi mpeni na ndizi, akae huko mpaka uchaguzi."

Nilisikia mama akicheka kwa pua, ndani, akiwa amegeukia ukuta ili isijulikane kwamba amemsikia mkwewe. Lakini kicheko chake kilipungua kila siku. Mimi nilidhani ni maumivu ya mguu.

Nilijaribu kila ushauri niliopewa, na katika kikundi cha kwaya kwenye simu ushauri haukosekani. Niliwarushia maji, wakaniogopa mimi na kuendelea kuchukiana. Niliwapiga kwa ufagio, jambo ambalo sijivunii. Mmoja akasema wafungie wote mahali pamoja wamalize ugomvi wao kama watu wazima. Nikawafungia stooni mchana mmoja. Kilichotoka humo baada ya dakika tano ni manyoya, na mzee wa kijivu akichechemea, na mkono wangu ukivuja damu mahali pawili. Mama alimchukua paka wake mapajani, akaanza kumfuta kwa pindo la shuka. Niliona aibu, na aibu kwangu huja ikiwa imevaa hasira, kwa hiyo nikatoka nikaenda kupasua kuni ambazo hazikuhitajika.

Kisha ikaja ile Jumanne. Nilikuwa natoka kukamua, ndoo mkononi, mama bado amelala na mguu wake juu ya gunia lililokunjwa kama nilivyompangia. Paka wanajua saa ya maziwa. Mzee wa kijivu alichungulia kutoka darini, akaona yule mweusi amenigeukia mimi, akaamua kuruka badala ya kupita ngazini. Aliangukia karibu na mama. Mweusi akamvaa hapo hapo. Wakaviringika juu ya mguu, kucha zikashika bandeji, na kabla sijaweka ndoo chini bandeji ilikuwa imechanwa na damu inatiririka kwenye sakafu yangu nzuri.

Mama hakupiga kelele. Alishika goti lake kwa mikono miwili na kuangalia dari.

Kwenye kliniki ya vidonda nesi alifungua na kusafisha. Alisema kilikuwa kimeanza kufunga pembeni na sasa kimerudi nyuma. Alituuliza ni nini kimekwaruza. Nilipomwambia, alinitazama mimi, si mama.

"Sasa mchague," alisema. "Mara ya pili hivi, sitakuwa na la kuwaambia zaidi ya lile mlilokwisha kuambiwa."

Tulikaa kwenye benchi la nje kusubiri basi la kurudi. Mama aliweka fimbo katikati ya miguu na kusema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba atarudi Getanuwas.

"Utarudi kufanya nini? Umemsikia nesi."

"Nimemsikia. Na wewe nisikie. Nimekuja kwa mkwe wangu nikiwa na mguu unaonuka, na paka. Nyumba ilikuwa na amani, nimeleta vita. Wale paka ni wa mkwe wangu, wanalinda chakula chake. Siwezi kuja hapa nikafanya wafukuzwe. Na wangu simtupi. Kwa hiyo tunaondoka wote wawili."

Nilimwambia paka wanaweza kupewa jirani. Alikataa. Nilimwambia nitamjengea wa kijivu kibanda. Akasema paka wa kibandani atarudi kwake kwa miguu na kuliwa na fisi njiani. Nilipandisha sauti, watu wakageuka. Kisha nikafanya jambo ambalo silifanyi mara nyingi: niliomba.

"Nipe kliniki nne," nikasema. "Wiki mbili. Zikiisha na wao bado wanapigana, mimi mwenyewe nitakubebea tenga mpaka kwenye basi."

Alihesabu kwa vidole. "Kliniki nne," akasema. "Si tano."

Nilikuwa nimepata wiki mbili na sikuwa na wazo hata moja. Nikamwuliza, kwa ajili ya kujaza kimya zaidi ya kutaka jibu, kwao wanafanyaje ng'ombe mgeni akikataliwa na kundi.

"Kwetu, unasema kwao? Umesahau umekulia wapi." Alinitazama kwa pembe ya jicho. "Ng'ombe mgeni haingizwi zizini siku ya kwanza. Analala nje ya zizi, miiba katikati, wanusane usiku kucha. Asubuhi wanachungwa bonde moja, yeye huku, wao kule. Baba yako alikuwa anachukua samadi ya zizini anampaka mgongoni. Kundi linamjua mtu kwa harufu, siyo sura. Ukimwosha ng'ombe wako kwa sabuni ukamrudisha, hata ndama wake atamshangaa." Akagongesha fimbo chini. "Lakini hao ni ng'ombe. Paka ana kiburi chake."

Nilikuwa nimeacha kusikiliza. Nilikuwa naiona nguzo ya katikati, ile iliyong'aa, na mkono wangu mwenyewe ukiisugua kwa sabuni. Niliona kapu likielea kwenye pipa. Niliona magunia, matambara, kuta mpaka kiunoni. Halafu nikakumbuka ule mkwaruzo wa puani. Niliupaka mafuta Alhamisi jioni. Mama alishuka kwenye basi Ijumaa.

Paka wangu wawili, waliolala kapu moja maisha yao yote, walikuwa wamepigana kabla mzee wa kijivu hajatia mguu Masieda. Kila mahali walipokuwa wamejisugua na kulala nilikuwa nimepafuta kwa siku moja, na mahali pake nikaweka harufu ya samadi na sabuni. Waliamka katika nyumba wasiyoijua, kila mmoja akimshuku mwenzake. Kesho yake nikawaletea mgeni.

Nilitaka kukaa na jambo lile moyoni. Hakuna aliyejua, na hakuna ambaye angegundua. Lakini mama alikuwa pale, ameketi amenyooka, amejitwika kosa ambalo lilikuwa langu. Nikamweleza yote, kuanzia samadi mpaka kapu, na mkwaruzo wa puani.

Alinyoosha pindo la shuka juu ya mguu wake.

"Kwa hiyo si mimi," akasema.

Sikuwa nimejua kwamba alikuwa anajihesabu yeye mwenyewe kuwa mkosi wa nyumba. Nilidhani anazungumzia paka. Moyo uliniuma pale kwenye benchi, na nikakasirika tena, safari hii nikijikasirikia mwenyewe, na hasira hiyo ndiyo niliyoitumia kufanya kazi wiki mbili zilizofuata.

Siku hiyo hiyo nilimhamishia mzee wa kijivu stooni. Mlango wa stoo ni wa mbao, na chini una mwanya wa vidole vitatu. Huo ndio ukawa miiba yetu. Nilimwekea beseni la majivu la kwenda haja, maji, gunia alilolikojolea ambalo nilikuwa nimekusudia kulifua, na lile tenga lake. Sikumfulia kitu. Upande wa jikoni niliwarudishia wale wawili chochote nilichoweza kupata chenye harufu ya zamani. Darini, nyuma ya mahindi, kulikuwa na kiroba kimoja ambacho mkono wangu haukukifikia Alhamisi ile, kimejaa manyoya. Nilikishusha na kukitandika ndani ya kapu kana kwamba ni shuka jipya. Sijawahi kufurahia uchafu namna ile.

Binti wa madoadoa ndiye alikuja kwanza. Alikinusa kiroba, akakikanyagakanyaga, akaingia. Yule mweusi alimtazama kwa mbali kutwa nzima. Siku ya pili nikakuta amelala nusu ndani ya kapu, nusu nje, hajaamua.

Mama alichukua upande wa harufu. Alikata shuka lake kuukuu vipande viwili. Kimoja alimfutia mzee wa kijivu mashavuni na shingoni, akakiweka chini ya sahani ya wale wa jikoni. Kingine aliwafutia wale wawili, akakipeleka stooni. Kila asubuhi alivibadilisha. Alifanya kazi hiyo ameketi, mguu juu, na nikaona kwamba ilikuwa inamfaa, kuwa na kazi ambayo haimtaki asimame.

"Baba yako angeniona," alisema siku moja, akimfuta paka shavu. "Ningekufa kwa aibu."

Chakula niliwapa wakati mmoja, ugali na dagaa, sahani kila upande wa mlango. Mara ya kwanza niliziweka karibu mno na yule mweusi akapiga mbao kwa kucha mpaka wa kijivu akaacha kula. Nikarudisha nyuma sahani hatua mbili. Kila siku nilizisogeza kwa upana wa mkono, si zaidi. Nikijisikia nataka kuharakisha, natoka nje. Nilitoka nje mara nyingi sana. Maziwa ya asubuhi, ambayo zamani nilikuwa namimina kwenye kibuyu kimoja kilichopasuliwa wasukumane, sasa niliyagawa mahali patatu: mlangoni, stooni, na kando ya kuni.

Ile ngazi ndiyo ilinisumbua zaidi. Ilikuwa njia moja, na mwenye kukaa chini yake ndiye mwenye nyumba. Nikamwambia mume wangu kwamba darini panahitaji njia ya pili, upande wa stoo, gogo lililokatwa vidato linatosha.

"Ngazi mbili kwa dari moja," alisema. "Nyumba ya mwenyekiti wa kijiji haina."

"Mwenyekiti hana mama mkwe."

Hakutania tena. Ijumaa, tulipokwenda kliniki, alingoja basi liondoke, akaingia jikoni akiwa peke yake. Tuliporudi gogo lilikuwa limeegemezwa na kufungwa kwa kamba ya ngozi, vidato vimekatwa karibu karibu, na chini kabisa kimoja cha ziada, kifupi, kwa ajili ya paka mzee. Mama alikipapasa kile kidato kwa fimbo yake. Kisha akaongea kwa sauti kubwa kuelekea ukutani, kwa maana alijua nani yuko nje.

"Mwambie huyo aliyechonga kwamba mkono wake ni mzuri."

Nikatoka kumwambia, ingawa alikuwa amesimama hatua tatu kutoka dirishani na alikuwa amesikia vizuri. Alikuwa anatabasamu akitazama viatu vyake.

Kliniki ya tatu nesi alisema kidonda ni chekundu, safi, kinajitahidi. Nilirudi nimevimba kichwa na nikafungua mlango wa stoo siku mbili mapema kuliko nilivyopanga. Yule mweusi akamkimbiza mzee mpaka juu ya gogo. Hakumfikia, kwa sababu juu kulikuwa na njia mbili na mzee alishuka kwa ile ngazi ya zamani, taratibu, akamwacha mwenzake darini akitafuta. Nilifunga mlango tena. Nilijitukana kwa lugha ya nyumbani, maneno ambayo mama alinizuia nisiyaseme nikiwa mdogo, naye aliyasikia na hakunizuia.

"Ng'ombe wa baba yako," alisema, "yule mwenye pembe moja, alichukua msimu mzima wa mvua. Wewe una kliniki moja. Kaa chini ule."

Jumanne ya kliniki ya nne niliamka nikiwa tayari nimeshindwa kichwani. Nilikamua. Niligawa maziwa mahali patatu. Mlango wa stoo nilikuwa nimeuacha wazi kidogo, upana wa paka mmoja, sahani ya mzee ikiwa karibu kabisa na kizingiti. Yule mweusi alikuwa mlangoni kwenye maziwa yake. Mzee akatoka. Alisimama pale katikati ya sakafu, na yule mweusi akainua kichwa. Wakatazamana. Nilikuwa na ufagio mkononi na niliuweka chini, jambo gumu kwangu. Mama alikuwa amejiinua kwa kiwiko.

Mweusi alifumba macho, polepole, akayafumbua. Akarudi kwenye maziwa. Mzee akapita kando ya nguzo ya katikati, akasimama, akaisugua kwa shavu lake lote, upande huu na upande ule, akaenda kulala karibu na mama.

Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba nataka wapendane. Hawakupendana, mpaka leo hawapendani. Wanapishana. Kila mmoja ana sahani yake, njia yake, na saa yake ya kuota moto, na wakikosana mmoja hupanda gogo na mwingine hubaki chini, yamekwisha. Wale wawili walirudi kwenye kapu lao. Panya nao walirudi walikotoka.

"Basi linapita saa ngapi?" mama aliniuliza asubuhi ile.

"La wapi?"

"La kliniki. Unadhani la wapi?"

Kidonda kilichukua miezi mingine minne. Kuna wiki kilisogea, kuna wiki kilikataa, na tulipanda basi kila Jumanne na kila Ijumaa, mvua au jua, hata wiki ile niliyokuwa na homa. Ijumaa ya mwisho nesi aliitupa bandeji ya mwisho kwenye ndoo na hakufunga nyingine. Ngozi ilikuwa nyembamba, inang'aa, lakini ilikuwa nzima. Nilifurahi sana. Kisha kwenye benchi furaha ikapungua, kwa sababu nilikumbuka kwamba mama alikuja kwangu kwa ajili ya kidonda, na kidonda kimekwisha. Kuna mahali pake Getanuwas, kuna ng'ombe wake. Sikutaja. Yeye pia hakutaja.

Siku iliyofuata nilitoka shambani mchana nikakuta ndoo ya samadi mlangoni mwa jiko. Sakafu ilikuwa imepasuka tena, miezi mitano bila kusilibwa, na nilidhani anataka kuniachia jiko safi kabla ya kuondoka, kama mgeni mwenye adabu afanyavyo. Nilisimama nje nikijipa moyo wa kuingia.

Alikuwa chini, amepiga magoti yote mawili, mguu wa kushoto umekunjika chini yake bila kusita, na mkono wake unaenda mbele na nyuma kwa ule mtindo alionifundisha nikiwa mtoto. Alikuwa amesiliba kuanzia mlangoni mpaka kwenye nguzo ya katikati. Hapo alikuwa ameacha, na mstari ulikuwa umenyooka. Ng'ambo ya mstari kapu lilikuwa mahali pake, halijafuliwa, lina wawili ndani; na karibu na mafiga mzee wa kijivu alikuwa amelala juu ya gunia lake chafu.

"Nikusaidie kumalizia?" nikauliza.

"Acha," alisema bila kuinua kichwa. "Ukisiliba yote kwa siku moja utawaharibia tena. Hiyo nusu nyingine nitaifanya mwezi ujao."